Niliyojifunza kwa Kumwandikia Wakala wa Akili Mnemba Maelezo ya Zana ya Tiketi

Nashughulikia mifumo ya huduma kwa wateja jijini Dar es Salaam, katika kampuni inayouza intaneti ya kulipia kabla. Siku hizi ujumbe wa mteja hupokelewa kwanza na wakala wa akili mnemba, programu inayosoma lalamiko, ikaamua la kufanya, kisha ikatumia zana tulizoipa: kutafuta tiketi, kufungua mpya, kuongeza maelezo, kufunga. Wakala haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anachoona ni jina la zana, maelezo mafupi na orodha ya vigezo vya kujaza. Ndivyo ilivyokuwa OpenAI walipotoa utaratibu wao wa kuita zana Juni 2023, na ndivyo ilivyo katika MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Maneno hayo machache ndiyo maelekezo yote ya kazi anayopata kuhusu zana hiyo, na anayeumia yakiwa mabovu ni mteja.

1. Sema zana inafanya nini, kisha sema haifanyi nini

"Hufungua tiketi" ni maelezo ya kweli yasiyosaidia. Mtu akiuliza bei ya kifurushi cha wiki, wakala atamfungulia tiketi, na foleni ya mafundi itajaa maswali ya kujibiwa papo hapo. Yetu sasa yanasomeka hivi:

"Hufungua tiketi mpya kwa tatizo linalohitaji mtu wa ofisini. Kwanza tumia tafuta_tiketi uone kama mteja ana tiketi iliyo wazi kuhusu tatizo hilohilo. Ikiwepo, ongeza maelezo humo. Usiitumie kwa maswali ya bei au vifurushi. Hurudisha namba ya tiketi. Mpe mteja namba hiyo. Hairudishi fedha wala haiwashi huduma."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipigania kuliko zote. Ikikosekana, wakala anaweza kufungua tiketi na papo hapo kumwambia mteja kwamba hela yake inarudishwa. Mtu atakaa akisubiri hela ambayo hakuna aliyeanza kuishughulikia.

2. Saa zetu ziandikwe wazi

Mteja anaandika: "Jana saa mbili usiku nimelipia kifurushi, hela imekatwa, intaneti hamna." Kila mtu ofisini anajua ni 20:00. Kigezo kinachoitwa "muda" tu, bila maelezo, kinaweza kujazwa 02:00. Mhasibu atatafuta muamala wa usiku wa manane, asiuone, na mteja aliyelipa ataambiwa hajalipa. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu huyo ni mtu mkweli anayefanywa mwongo na kigezo kilichoelezwa nusunusu.

Kwa hiyo kigezo kinaitwa muda_wa_malipo, na maelezo yake ni haya: "Andika kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, mfano 2025-03-04T20:00:00+03:00. Wateja huhesabu saa kwa Kiswahili: saa mbili usiku ni 20:00, saa mbili asubuhi ni 08:00. Mteja asipotaja kama ni asubuhi au usiku, muulize."

Mwaka unatangulia makusudi, maana 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Wamarekani ni 4 Machi. Tena "jana" haina maana kwa wakala asiyeambiwa leo ni tarehe ngapi. Mpe tarehe ya leo katika kila mazungumzo.

3. Namba ya simu ni maandishi

Ukiiweka kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mbele inapotea. Chagua mtindo mmoja, ama unaoanza na 0 au na 255, na uweke mfano.

4. Kipaumbele kifuate tatizo, kisifuate sauti

Toa orodha ya thamani zinazokubalika, na kila moja uieleze kwa tukio. "Juu: huduma imekatika kabisa, au hela imekatwa na huduma haikuja." Kisha ongeza: "Usipandishe wala kushusha kwa sababu ya hasira au upole wa mteja." Wapo wazee wanaoanza na salamu ndefu na kuomba radhi kwa usumbufu, kumbe wamekosa huduma tangu juzi. Wasiwekwe nyuma kwa sababu ya adabu yao.

5. Jibu kwa mteja na maelezo ya ndani viwe na zana mbili

Mifumo mingi ya tiketi huvitenganisha kwa alama moja tu ya ndiyo au hapana. Hiyo ni hatari: alama ikikosewa, mteja atasoma ya ndani. Tuna jibu_mteja, "mteja atausoma ujumbe huu", na andika_ya_ndani, "wafanyakazi pekee".

6. Eleza kitakachotokea zana ikiitwa mara mbili

Mtandao ukikatika katikati, wakala hujaribu tena. Mwambie: "Usipopata jibu, tafuta kwanza, maana kuita tena kunaweza kufungua tiketi ya pili."

7. Waliopo dawatini wasome kabla ya wakala

Maelezo ya zana huandikwa na mafundi wa mifumo, lakini wanaojua kinachohitajika katika tiketi ni wapokea simu. Wao ndio waliodai tuongeze kigezo cha rangi ya taa ya ruta, kwani fundi huizuia tiketi isiyo nayo na kumpigia mteja upya. Sasa wakala huuliza taa ni nyekundu au ya kijani kabla hajafungua chochote.