Wastaafu wawili, kiinua mgongo kimoja

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mke wa Afisa Mteule wa JWTZ aliyestaafu mwaka jana baada ya kulitumikia jeshi miaka 29. Alikuwa fundi wa magari. Tumeishi kota za Monduli, Tabora, Songea na Ngerengere. Sasa tuko kwenye nyumba yetu hapa Morogoro. Kila alipohamishwa nilifunga biashara niliyokuwa nayo. Monduli niliuza maandazi, Tabora nilishona nguo, Songea nilikuwa na genge, Ngerengere nikafuga kuku. Sijawahi kuajiriwa, kwa hiyo naweza kusema sina kazi. Siku hizi nina banda la chakula karibu na stendi ya Msamvu, nawapikia madereva na makondakta.

Shida yangu ni Baba Neema. Tangu avue gwanda hana raha. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka, anakagua mpaka sufuria zangu kama zimekaa kwenye mstari. Mtoto akichelewa kujibu anaambiwa asimame wima. Shemeji yangu alimtafutia kazi ya ulinzi, akasema hawezi kumpigia saluti kijana aliyezaliwa yeye akiwa tayari koplo.

Sasa kiinua mgongo kimetoka. Ni kiasi gani, sijui. Karatasi amezifungia kwenye sanduku lake la chuma. Ninachojua ni kwamba kuna mwenzake wa zamani kikosini anamshawishi wanunue Coaster iliyotumika kwa Sh45 milioni, na pesa isipotosha nyumba iwekwe dhamana. Nikiuliza naambiwa, "Mambo ya biashara niachie mimi, wewe pika."

Nami, Shangazi, nikwambie ukweli: nina Sh1.8 milioni za vikoba ambazo yeye hazijui. Je, nimlazimishe akubali ile kazi ya ulinzi? Na nifanyeje pesa yetu isiishie barabarani?

Mama wa Kota, Morogoro

*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale ulipoandika kwamba huna kazi. Hebu tuhesabu pamoja. Maandazi, cherehani, genge, kuku, na sasa banda la chakula. Umeanzisha biashara tano mahali patano, kila unapofika hujulikani na mtu, huna mteja hata mmoja, hujui hata soko liko upande gani. Baba Neema, pamoja na heshima zake zote, hajaanzisha hata moja. Kwa miaka 29 mshahara ulimkuta, nyumba ilimkuta, spea za magari alizikuta stoo. Kwa hiyo tupange vyeo upya. Huku uraiani, kwenye mambo ya biashara, wewe ndiye afisa na yeye ni kuruta.

Usije ukamwambia hivyo usoni, lakini ulijue moyoni. Kuruta si tusi. Hata jenerali alipitia depo. Kosa la mumeo ni kutaka kuvaa nyota kabla ya kwenda depo, na gharama ya kosa hilo mtailipa wote.

Nasema wote kwa sababu nyumbani kwenu kuna wastaafu wawili. Mmoja amepewa kiinua mgongo mara moja, na pensheni ataipata kila mwezi. Wa pili alifunga mizigo kila amri ya uhamisho ilipokuja, akauza kuku kwa bei ya hasara, akaacha madeni ya genge mikononi mwa watu ambao hatawaona tena. Huyu hakuagwa kwa gwaride. Lakini sheria yetu inamtambua. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake wengi wanaikumbuka nusu hiyo ya hukumu. Nusu ya pili hawaitaji: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona pesa aliyopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia aliitapanya. Sikutajii kesi hii umpeleke mtu mahakamani. Nakutajia kwa sababu ya nusu zake zote mbili, na ile ya pili nitairudia kabla hatujaagana.

Tuje kwenye ulinzi. Usimlazimishe. Kazi yenyewe haina aibu yoyote. Jeshi lenyewe, kupitia SUMA JKT, lina kampuni ya ulinzi, na wapo wastaafu wanaolinda mabenki na kusomesha watoto kwa mshahara huo. Ila mtu akisukumwa na mkewe kwenda lindoni ataiona kila zamu kuwa adhabu, na mwenye kumwadhibu ni wewe. Halafu mumeo si mlinzi tu, mama. Ni fundi wa magari wa miaka 29. Ajabu ni kwamba katika barua yako yote ufundi huo umeupa sentensi moja.

Tatizo la ufundi wa jeshini ni kwamba uraiani hauonekani. Mwenye gereji hajui kikosi fulani kina malori mangapi na nani aliyafufua. Anataka cheti anachokijua. VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini bila kumrudisha darasani kuanza moja. Fundi anapimwa kwa vitendo, akionekana amepungukiwa mahali anaelekezwa, akifaulu anapewa cheti. Chuo cha VETA Kihonda kiko hapo hapo Morogoro. Aende akaulize lini wanapima na anatakiwa kubeba nini. Mumeo amezoea mtihani wa kupandishwa cheo, huu hautamtisha. Na akishakuwa na cheti, swali la kumpigia saluti kijana litabadilika lenyewe, maana pale gereji vijana ndio watakaomwita fundi.

Hayo ya sufuria kupangwa kwa mstari usiyachukulie kama uonevu. Mtu aliyekuwa akiitwa "afande" kuanzia alfajiri mpaka usiku, leo simu yake hailii. Sufuria zako ndizo gwaride pekee alilobakiwa nalo. Mkumbushe pia kuna MUWAWATA, Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania. Huko atakutana na waliotangulia kuvua gwanda, na wapo waliokwisha kununua Coaster. Awasikilize hao kabla ya kumsikiliza anayemuuzia wazo.

Coaster yenyewe sasa. Sisemi gari la abiria halilipi. Nasema utafiti wake wote unakuja kula ugali kwako kila siku. Hao madereva wa Msamvu waulize wakishashiba, na umwombe Baba Neema awepo siku hiyo, hata kama ni kwa kisingizio cha kukutengenezea jiko. Hesabu ya siku ni shilingi ngapi? Gari lililotumika hulala gereji siku ngapi kwa mwezi? Matairi hudumu muda gani kwa barabara wanayopita? Dereva akiugua, deiwaka anayeshika usukani analeta hesabu kamili? Kuna leseni ya LATRA, kuna bima, kuna faini za trafiki: nani analipa, wao au tajiri? Gari la abiria huleta pesa kila jioni, na hapo ndipo linapomdanganya mgeni. Ile pesa ya jioni sehemu yake ni tairi la mwezi ujao na injini ya mwaka ujao. Anayeila yote, siku gari likisimama hana pa kushika.

Yapo na ya huyo mwenzake. Kadi ya gari itaandikwa jina la nani? Yeye anatoa shilingi ngapi, na ameshazionyesha? Mkataba uko wapi? Kula chungu kimoja kikosini ni jambo jema, lakini halisimami badala ya karatasi yenye saini. Kama gari lipo, Baba Neema avae ovaroli akalifungue injini mwenyewe. Mwuzaji akikataa, jibu mmelipata bure.

Kuhusu nyumba sina maneno mengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo maana benki itakuita utie saini. Siku hiyo ikifika, usisaini ili nyumba iwe na amani. Mwambie kwa adabu, "Baba Neema, pesa ikipotea tutaanza upya, mimi nimezoea. Lakini tukianza upya tuanzie chini ya bati letu." Na kama kuna anayewanong'oneza kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya kuchukua asubuhi na kudaiwa jioni, mfungieni mlango. Vivyo hivyo kwa matapeli wanaowapigia wastaafu simu wakijifanya watu wa Hazina, eti tuma kiasi kidogo mafao yako yaharakishwe. Haki ya mstaafu hailipiwi hongo kwa simu.

Ushauri wangu ni huu: mpeleke mumeo depo miezi sita. Katika muda huo kiinua mgongo kisiguswe, isipokuwa ada za watoto na bati linalovuja. Kiwekwe benki kwenye akaunti ya muda maalumu, au mkaulizie UTT AMIS kuhusu mifuko yao ya uwekezaji, au hatifungani za Serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu kama mna sehemu ambayo hamtaihitaji kwa miaka. Pensheni ya mwezi igharimie chakula na umeme. Yeye ashughulikie cheti cha VETA, na siku tatu kwa wiki akae gereji ya watu pale karibu na stendi, ajue spea zinauzwaje na mteja wa uraiani anavyobembelezwa. Mteja haamrishwi, na hilo hakuna chuo cha jeshi kilichomfundisha. Baada ya miezi sita, akitaka Coaster bado, mnunue mkiwa mnajua mnachonunua. Mimi nahisi atataka gereji ndogo yenye banda la mama lishe ubavuni.

Wewe nawe usikae kumsubiri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo hao wenzako wa vikoba ndio mtaji wako wa kwanza. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwulizeni masharti, na mwende na daftari lenu la vikao likiwa safi.

Natamani jeshi letu lingekuita nawe darasani kabla mumeo hajavua gwanda. Marekani wana mafunzo ya biashara kwa askari wanaokaribia kuondoka, na mke au mume anaruhusiwa kukaa naye kwenye dawati. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Kwetu mke wa askari bado anajifunza kustaafu siku ile gari la mizigo linapomshusha. Wakubwa wanaosoma safu hii wamenisikia.

Sasa nirudi kwenye nusu ya pili ya Bi Hawa. Mumeo ana sanduku la chuma, nawe una Sh1.8 milioni chini ya kanga. Unamlaumu kwa kuficha, ilhali mnaficha wote. Najua kwa nini ulificha: mke wa kambini hujiwekea akiba ya uhamisho ujao. Lakini uhamisho umekwisha, mama. Mmefika.

Mwenye kufungua kwanza awe wewe, kwa sababu ndiwe mwenye cheo. Jumamosi jioni watoto wakishalala, weka daftari la vikoba mezani, fungua ukurasa wenye jumla, umweleze kila shilingi ilikotoka. Usiutaje ufunguo wa sanduku. Mwambie tu kwamba biashara zako hazikufa kwa uhamisho peke yake. Nyingine ziliuawa na wakopaji, kwa sababu huwezi kumnyima mtu mchele akiwa na mtoto mgongoni. Kisha mwulize jeshini spana ilikuwa inatokaje stoo. Atakwambia haitoki bila saini. Hapo utakuwa umempata mtu uliyemkosa tangu Monduli.

Kesho yake alfajiri akianza kukagua sufuria, usinune. Mpe kalamu na daftari, umwonyeshe gunia la mchele lilipo.