Viendelezi vya Hifadhidata na Vigezo vya Seva Inapowashwa

Katika mfumo wa PostgreSQL, viendelezi vinavyohitaji sehemu ya kumbukumbu ya pamoja hupakiwa seva inapowashwa. Seva husoma kwanza faili la vigezo, hupakia viendelezi, hukokotoa idadi ya juu ya michakato inayoweza kwenda kwa pamoja, kisha hutenga kumbukumbu. Tatizo huzuka pale kiendelezi kinapokadiria mahitaji yake kwa idadi hiyo kikiwa bado kinapakiwa. Wakati huo thamani yake ni sifuri. Kwa hiyo kumbukumbu inayoombwa huwa pungufu. Kwa kuwa seva hujiwekea akiba ya takriban baiti 100,000, upungufu mdogo hufichika. Aidha, kiendelezi kinachofuata chaweza kubadili kigezo ambacho kilichotangulia kimekwisha kukisoma.

Toleo la 15, la mwaka 2022, liliweka hatua maalumu ya kuomba kumbukumbu baada ya viendelezi vyote kupakiwa na idadi hiyo kujulikana. Hivyo basi, kiendelezi hakina budi kutangaza vigezo vyake kinapopakiwa, na kuahirisha hadi hatua hiyo kila hesabu inayotegemea vigezo vya seva.