HABAKUKI ALIPOPIGA HESABU: TUMAINI WAKATI WA GIZA

Maandiko ya somo: Habakuki 3:16–19, Zaburi 88, 1 Wafalme 19:1–8, Yeremia 32:6–15

Somo la Jumapili lilileta maswali mengi baada ya ibada, na wengine wetu walikuwa kazini au safarini. Kwa hiyo naliandika hapa kwa utaratibu, ili tulisome nyumbani na katika vikundi vya maombi vya katikati ya wiki.

Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeokoka, anayeomba, anayetoa fungu la kumi, afanye nini na hofu inayomwamsha saa tisa usiku? Maana hofu iko. Jumapili tunaimba vizuri, lakini Jumatatu kuna karo, kuna mikopo ya simu, kuna kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, kuna mawingu yanayopita juu ya Chyulu bila kudondosha kitu. Na wengi wetu tunadhani kukiri hofu ni kukiri kwamba imani imekwisha. Ukiulizwa habari, unajibu "nimebarikiwa", hata kama tangu jana jiko halijawashwa.

Biblia haituagizi kuishi hivyo. Tumaini la Biblia hulitaja giza kwa jina, hulihesabu, kisha humtazama Mungu likiwa na hesabu hiyo mkononi. Twende polepole.

1. TAJA GIZA KWA JINA

Sisi watu wa Ukambani tunajua jambo hili kuliko wengi. Wazee wetu hawakusema tu "kulikuwa na njaa." Kila njaa waliipa jina. Ile ya mwisho wa karne ya 19 waliiita Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Ile ya miaka ya 1980 ikaitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa sababu mtu alikuwa na shilingi zake na dukani hakuna unga wa kununua. Waulize wazee wa nyumbani kwako, watakutajia nyingine.

Kwa nini waliipa njaa jina? Mimi naona hivi. Shida isiyo na jina haina mwanzo wala mwisho, inajaa nyumba yote kama moshi. Ukiipa jina, inakuwa kitu kimoja kilichotokea wakati fulani. Na majina hayo yametufikia kwa sababu kuna waliobaki kuyasimulia. Wengi walikufa, hatufichi. Lakini leo tunasema "wakati wa Ngomanisye" kama jambo lililopita.

Sasa fungua Zaburi 88. Mwandishi anamlilia Mungu usiku na mchana, anasema marafiki wamemwacha, na zaburi inaisha gizani. Haina mstari wa ushindi mwishoni. Nimekuta watu wakishangaa iko kwenye Biblia. Iko kwa sababu Mungu anaruhusu ombi la namna hiyo. Mtu yule bado anaomba! Analalamika, lakini anamlalamikia Mungu, hajamgeuzia mgongo. Hiyo nayo ni imani.

Kwa hiyo wiki hii, ukipiga magoti, usiseme tu "Bwana, unajua." Anajua, ndiyo. Lakini mtajie: "Bwana, naogopa matokeo ya hospitali." "Bwana, mume wangu hajatuma kitu tangu mwezi wa tatu."

2. PIGA HESABU

Mimi nilisomea biashara, na Habakuki 3:17 naisoma kama karatasi ya kuhesabu mali. Tazama mwenyewe: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, kondoo, ng'ombe. Mistari sita, na kila mstari jibu ni sufuri. Nabii hakuruka hata mmoja. Na kabla ya hapo, mstari wa 16, anakiri kwamba mwili wake unatetemeka. Hapo ndipo anageuka na kusema kwamba hata hivyo furaha yake iko kwa Bwana. Furaha ile imekuja baada ya hesabu. Haikuja badala yake.

Kwetu Kibwezi karatasi hiyo ingesomeka vingine: ndengu, kunde, mbaazi, embe, mbuzi, mizinga ya nyuki. Na tumeshawahi kuijaza. Ukame ulioanza mwisho wa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na sisi ulitugusa. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa ni janga la kitaifa. Halafu mwisho wa 2023 mvua ya El Niño ikaja, na wengine waliokuwa wakilia kwa ukavu wakaanza kulia kwa mafuriko. Si kweli kwamba sisi hatumwelewi Habakuki.

Ndugu mmoja wa kanisa, ambaye ameniruhusu nieleze bila kumtaja, alikuja kuniona akiwa hali wala halali kwa sababu ya madeni. Nikamwuliza ni kiasi gani. Akasema, "Pastor, ni mengi tu, labda laki mbili." Tukachukua karatasi. Simu, duka, karo, chama, jirani. Tulipojumlisha ilikuwa shilingi 83,400. Deni lilibaki deni, wala hakuna malaika aliyelilipa usiku ule. Lakini aliniambia kwamba siku hiyo alilala. Alikuwa akipigana na laki mbili za kichwani, kumbe adui wa kweli ni mdogo kuliko huyo. Tukaomba juu ya ile karatasi, tukapanga nani atalipwa kwanza na nani ataombwa asubiri.

Sikiliza, wakati mwingine ukihesabu utakuta ni kubwa kuliko ulivyodhani. Hesabu tu. Mungu wa Habakuki hatishwi na sufuri sita.

3. KULA, LALA, ZUNGUMZA NA MTU

Katika 1 Wafalme 19 Eliya ametoka kushinda pale Karmeli, moto umeshuka, watu wameona. Sura inayofuata yuko chini ya mti jangwani akiomba afe. Nabii! Tena nabii mkubwa.

Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea, wala hakumwambia aongeze maombi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula. Mazungumzo ya kule mlimani yalikuja baadaye, baada ya safari ndefu aliyoiweza kwa nguvu za chakula kile.

Naandika hapa kwa uzito. Kuna giza ambalo ni la kawaida ya maisha, na kuna giza ambalo ni ugonjwa. Mtu akikaa wiki nyingi bila usingizi, bila hamu ya chakula, akianza kusema familia ingekuwa afadhali bila yeye, huyo mpeleke hospitali, na wewe ukae naye kwenye foleni. Kumpeleka si kukosa imani. Tutamwombea na daktari atamtibu, yote mawili. Na asiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungu cha 226 cha sheria za makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba yetu. Sheria sasa inamwona kama mtu anayehitaji msaada. Kanisa lisibaki nyuma ya mahakama kwa huruma.

Akina baba, hapa nawalenga ninyi. Mama zetu wana chama, wana kisima, wana mahali pa kuzungumza. Wewe unakaa na mzigo mpaka unakuangusha. Tafuta ndugu mmoja wiki hii, umwambie.

4. CHIMBA MATUTA WAKATI WA KIANGAZI

Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Kibiashara, huo ni ununuzi wa hasara: ardhi iko mikononi mwa adui. Lakini kwa neno la Bwana, Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaweka sahihi mbele ya mashahidi, na hati anampa Baruku aitie katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Yote kwa utaratibu, kama uko ofisi ya ardhi. Mji ulianguka kweli, na Biblia haitusimulii kwamba Yeremia aliwahi kulilima shamba lile. Alinunua kwa ajili ya siku ambayo Mungu aliisema.

Hapa Kibwezi tuna mfano wetu. Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo hapa hapa. Homa iliwamaliza, wengine wakazikwa, na mwaka 1898 kazi ikahamishwa kwenda Kikuyu. Ungehesabu mwaka huo, ungeandika sufuri. Lakini kazi ile ilikua ikawa sehemu ya kanisa la PCEA tunalolijua leo. Waliozikwa hawakuona.

Na matuta yetu ya fanya juu huchimbwa lini? Yanachimbwa wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mgumu na hakuna dalili ya mvua. Mvua ya Oktoba ikija bila matuta, inabeba udongo na kwenda zake. Tumaini ni kazi ndogo ya leo inayofanywa kwa ajili ya mvua ambayo bado hujaiona. Peleka mtoto shule na nusu ya karo, uzungumze na mwalimu. Andika barua nyingine ya kazi. Msalimie jirani mliyekosana.

5. MSINGI WETU

Haya yote bila Kristo yangekuwa ushauri mzuri tu. Siku ya msalaba giza lilifunika nchi kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, na Yesu akauliza kwa sauti kuu kwa nini Mungu amemwacha. Aliingia ndani ya giza letu, akalitaja. Na siku ya tatu kaburi lilikuwa tupu. Ndiyo maana Petro (1 Petro 1:3) anaunganisha tumaini lililo hai na kufufuka kwa Yesu. Tumaini letu linasimama juu ya jambo lililokwisha kutendeka, mvua ije au isije.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Giza lako la mwaka huu ungelipa jina gani?
2. Ni hesabu gani unaogopa kuipiga? Nani atakaa nawe uipige?
3. Taja kazi moja ndogo utakayoifanya kabla ya Jumapili kama anayechimba matuta.

TUOMBE

Bwana Yesu, unatujua kwa majina, na shida zetu leo tunakutajia kwa majina. Tupe usingizi, tupe chakula cha siku, tupe ndugu wa kutembea nasi. Tufundishe kuchimba wakati wa ukavu. Kwa jina lako, Amina.

Tuonane Jumapili. Mlete na yule jirani ambaye hajaonekana siku nyingi.