Chupa ya pombe yaweza kukutoa jicho

Siku moja nililetewa kijana aliyefunika jicho la kulia kwa leso iliyolowa damu. Alikuwa ametengeneza muratina ya asali, akaichuja kwa kitambaa, akaitia chupani na kuifunga kwa kizibo. Usiku wa pili alipoishika, ilimpasukia usoni. “Daktari, ilikuwa imetakata kabisa,” aliniambia. Tulimpeleka hospitali kubwa, lakini jicho halikuokolewa.

Wengi hudhani kama kijana huyu kwamba pombe iliyotakata imekwisha kuchacha. Sivyo. Kutakata ni mashapo kutulia chini tu. Sukari iliyoyeyuka haionekani kwa macho.

Hamira hula sukari hiyo na kutoa vitu viwili: kileo na gesi. Katika kibuyu kisichozibwa sana, gesi hujitokea. Katika chupa iliyofungwa haina pa kwenda. Hujikusanya mpaka kioo kishindwe. Joto huharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu busaa, inayonywewa ingali inachemka, haifai kutiwa chupani hata kidogo.

Ikiwa unatengeneza bia ya kimea kwa matumizi yako nyumbani, zingatia haya:

1. Subiri mapovu yakome. Kisha pima kwa haidromita; nambari iwe ile ile kwa siku 3 mfululizo.

2. Weka chombo mahali pa baridi kwa siku kadhaa. Vuta iliyotakata kwa mpira safi, uyaache mashapo chini.

3. Sukari ya kuleta povu isizidi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwa chupa ya nusu lita.

4. Tumia chupa nene za bia zisizo na ufa, zilizooshwa vyema. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya kuua wadudu.

5. Acha nafasi shingoni mwa chupa. Zihifadhi ndani ya sanduku lililofunikwa, mbali na jiko na watoto.

Kioo kikiingia jichoni, usilisugue, usilioshe wala usikichomoe. Lifunike kwa kikombe cha plastiki bila kuligandamiza, uende hospitali mara moja.

Kijana yule alikuwa na haraka ya siku chache tu. Subira ingalimwachia macho mawili.