Unga wa Pakiti: Sheria Inakulinda, Soma Ubavuni

Mwenye duka akikuambia kwamba unga "wenye vitamini" ni wa wenye pesa, mkatalie. Tangu 2012, kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254 ya sheria za Kenya, zinataka unga wote wa mahindi unaouzwa kwa pakiti uongezwe virutubisho, uwe wa bei ya juu au ya chini.

Geuza pakiti usome ubavuni. Utafute vitamini A, vitamini za kundi B pamoja na asidi ya foliki, madini ya chuma na zinki. Mahindi yakikobolewa ili unga uwe mweupe, ganda na kiini hutoka, na virutubisho vingi huenda navyo. Foliki ndiyo isiyongoja: uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki 4 hivi za kwanza za mimba, na wanawake wengi wakati huo hata hawajajua kwamba wamebeba mimba. Ndiyo maana ikawekwa kwenye sima.

Kisha tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Chini yake pana namba ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, utume kwa SMS hadi 20023. Jibu lisipolingana na jina lililo kwenye pakiti, usiitupe. Pakiti, risiti na namba ya bechi ndivyo ushahidi wako. Vipeleke kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, ambaye ana mamlaka ya kuchukua sampuli dukani ipimwe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakuhakikishia bidhaa yenye ubora unaofaa, maelezo unayohitaji, na fidia ukipata hasara au madhara.

Lakini usichanganye mambo: vitamini haziondoi sumukuvu. Unga unaonuka ukungu ni wa kuripotiwa hata uwe na alama zote.

Kanuni zenyewe zinaishia kwenye pakiti. Debe la mahindi unalopeleka posho mili halimo, na wanaolitegemea ni wale wenye kipato kidogo. Hilo ni pengo, na Wizara ya Afya inapaswa kuliziba. Kwa sasa, dada unayesaga posho mili na unatarajia kushika mimba, nenda kliniki mapema uulizie vidonge vya foliki.