Nani Alipe Gharama ya Kumwokoa Aliyepotea Mlimani?

Wasomaji wenzangu, swali hili laonekana kuwa la nchi za mbali, lakini ni letu pia. Barabara ya kwenda Musanze haiko mbali na hapa Gatsata, nayo huwachukua wageni waendao kupanda Karisimbi, mlima wenye urefu wa mita 4,507. Mtu akipotea huko katika ukungu, au akivunjika mguu, hapana budi atafutwe. Je, gharama itoke katika kodi ya wananchi wote, au alipe mwenyewe?

Kwanza tuwasikilize wanaokataa kodi. Wao husema hivi: fundi wa magari wa Gatsata hulipa kodi hata anunuapo sabuni. Yeye hakwenda mlimani. Alikuwa chini ya gari akitafuta riziki. Kwa nini amlipie mtu aliyekwenda kujifurahisha? Mchezea wembe humkata mwenyewe.

Hoja hii ina nguvu, lakini haikutazama pande zote. Si kila aliye mlimani amekwenda kucheza. Mwaka 1908 Mjerumani Egon Kirschstein, mtaalamu wa mawe, alipanda Karisimbi pamoja na wapagazi wake. Dhoruba ya barafu iliwakuta huko juu, na wapagazi wapatao 20 wakafa kwa baridi. Watu hao walipanda kwa sababu ya mizigo ya mwingine. Hata leo wako wapagazi, waongozaji na askari wa hifadhi ambao mlima ndio kazi yao.

Tena, uokoaji wenyewe hauna bei iwezayo kulipwa yote. Septemba 1970 daktari kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian katika Mlima Kenya, akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alimhudumia pale pale kwenye mwamba. Wapanda milima wa Kenya walijitolea kumfuata, na kwa jitihada za baba yake kikosi cha waokoaji kilikuja kwa ndege kutoka Innsbruck. Judmaier alishushwa akiwa hai baada ya zaidi ya juma moja. Lakini rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka katika kazi hiyo. Ni hati gani ya malipo ingeandikwa kwa roho ile? Nasi tujiulize: kama aliyevunjika mguu angekuwa mpagazi, nani angeita kikosi kutoka Ulaya?

Kuna jambo la tatu. Mtu akijua kwamba atadaiwa fedha nyingi, ataogopa kuita msaada. Atangoja mpaka usiku uingie, na hapo waokoaji nao watakuwa hatarini zaidi.

Basi tufanyeje? Tanzania yatupa mfano. Kila mgeni apandaye Kilimanjaro hutozwa dola 20 za uokoaji kabla ya kupanda. Tufanye hesabu: wakipanda watu 30,000 kwa mwaka, zitapatikana dola 600,000. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyepata ajali amemsaidia aliyepata, na fundi wa Gatsata hakuguswa mfuko wake.

Lakini kodi isiondolewe kabisa. Mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Sisi tukaao kwenye miteremko juu ya bonde la Nyabugogo twajua kwamba udongo hauchagui. Aliyefukiwa nyumbani mwake haulizwi ada. Wazee wetu walimbeba mgonjwa katika ingobyi, majirani wakipokezana mabega mpaka kwa mganga au hospitali. Kila mmoja alijua kwamba kesho huenda ikawa zamu yake. Kodi ni bega la namna hiyo.

Kwa hiyo naona hivi: apandaye kwa starehe alipe ada ndogo kabla, mpagazi na mwongozaji walindwe na ada hiyo hiyo bila kutozwa, na raia aliyepatwa na msiba aokolewe kwa kodi. Wote watafutwe kwanza, hesabu zifuate baadaye.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Mtu aliyekatazwa kupanda, naye akapanda kwa siri, atozwe faini akiokolewa? Toa sababu.
2. Ada ya mgeni na ya mwenyeji ziwe sawa?
3. Ingobyi na kodi zafanana wapi, na zatofautiana wapi?