Dondoo muhimu: Mlo wako wa kwanza wa Kihabeshi

• Nawa mikono. Mega injera, mkate bapa laini, kwa mkono wa kulia, chotea mchuzi. Uchachu wake ni wa kawaida. Unga wake wa nafaka ya teff huchachushwa kwa siku kadhaa.

• Huwezi pilipili? Agiza alicha, mchuzi wa manjano usiowasha. Doro wat, kuku na mayai, hukolezwa berbere, mchanganyiko mkali wa pilipili na viungo.

• Hutaki nyama? Omba beyaynetu, sinia la mboga na dengu. Hupatikana hasa Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo wa Waorthodoksi.

• Kitfo ni nyama mbichi. Ukiitaka iliyoiva, sema mapema.

• Mwenyeji akikulisha tonge, lipokee. Hiyo ni gursha, ishara ya upendo.

• Tenga muda wa kahawa: hukaangwa mbele yako na kunywewa duru tatu.